Siku Pangaboi Liliposimama

Kaka yangu hakupandisha sauti. Alikuwa amesimama uani, mgongo kwenye kirikuu chake, akazungumza kwa utaratibu uleule anaotajia bei ya saruji dukani kwake Lyamkena.

"Mama, kaa. Sikulazimishi. Ila likitokea jambo moja, moja tu, nakuja na gari hili na unapanda. Tumeelewana?"

Mama alikuwa anapepeta maharage. Ungo haukusimama.

"Jambo moja," alisema. "Nimekubali."

Kisha kaka akanigeukia mimi. Nilielewa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Lupembe na cherehani yangu baada ya ndoa kunishinda, na katika ukoo wetu mwanamke aliyerudi nyumbani hupewa kazi kabla hajaulizwa kama amechoka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha jambo hilo moja halitokei.

Sababu zake kaka zilikuwa za kweli, siwezi kumsingizia. Magoti ya Mama yalikuwa yamekwisha. Baba tulikuwa tumemzika pale juu ya nyumba, katikati ya mipaini aliyoipanda kwa mikono yake, na tangu hapo mpaka niliporudi Mama alikuwa akiishi peke yake, na hakutaka kusikia habari za kuondoka. Alisema hawezi kwenda kukaa kwenye nyumba ya mtu mwingine akasubiri kuitwa mezani. Na juu ya mipaini ya Baba, mgongoni mwa kilima, sasa kulikuwa na pangaboi.

Ndivyo tulivyoliita. Wataalamu waliokuja kwenye mkutano wa kijiji waliliita mtambo wa kufua umeme wa upepo, wakatuhakikishia kwamba kelele zake hazizidi za friji. Mama alinyoosha mkono akauliza ni nani kati yetu mwenye friji. Watu wakacheka, mkutano ukaendelea, na baada ya muda malori yakaanza kupita Makambako yamebeba mabawa marefu kuliko nyumba yoyote tuliyoijua. Siku lilipozunguka kwa mara ya kwanza mtoto mmoja akapiga kelele, "Pangaboi!" na jina likashika. Mitambo mingine iko nyuma ya kona ya kilima, imejipanga hadi mbali, lakini kwetu haionekani. Ukiwa nyumbani kwa Mama, au bondeni kwenye shamba lake, unaliona hilo moja tu.

Mimi friji nimewahi kuishi nayo, kule Lupembe. Havifanani hata kidogo. Friji huguna ukaisahau. Hili linavuta pumzi. Vuu, halafu kimya kidogo, halafu vuu. Kilichonikera zaidi kilikuwa kile kimya, kwa sababu mwili wote unakaa kukisubiri kiishe. Nililala na pamba masikioni, nikaamka taya zinauma kwa kukaza meno. Mchana nilishonea barazani, na jua likianza kuinamia kilima, kivuli cha mabawa kilipita juu ya kitambaa: mwanga, giza, mwanga, giza. Jaribu kutunga uzi kwenye sindano katika hali hiyo. Nilisonya, nikatukana, nikamlaani aliyelibuni. Mama aliniambia nihamishie cherehani ndani. Nikamwambia ndani hakuna mwanga kabisa. Akasema basi nichague moja la kulalamikia, asichoke kusikiliza yote.

Kuku nao walisumbuka mwanzoni. Kivuli kikipita uani walidhani ni mwewe, wakakimbilia chini ya ghala huku vifaranga wanalia. Baadaye wakazoea. Wakazoea kabisa, hata mwewe wa kweli alipokuja jioni moja hakuna aliyejisumbua kuinua kichwa. Alibeba kifaranga, akarudi akabeba kingine. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Hawa sasa wamesoma," alisema. "Hawatishwi na kivuli."

Mimi ndiye niliyelichukia pangaboi. Mama alilipenda, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Kwetu moto wa shamba hauwashwi hivi hivi. Upepo wa huku unapita juu kwanza. Bondeni kunaweza kuwa shwari, moshi wa jiko umesimama wima, kumbe kule mgongoni matawi yanavunjika, na muda si mrefu upepo huohuo unashuka kukufuata. Kwa hiyo ukitaka kuchoma masalia ya mazao kabla ya mvua, hata kama kibali cha mtendaji wa kijiji unacho mkononi, hata kama umelima kinga ya moto kuzunguka shamba mpaka udongo umebaki mtupu, lazima mtu apande hadi juu. Anakwenda na konzi ya majivu kiganjani. Anayaachia, anatazama yanakoelekea, anashuka. Akishasema sawa ndipo kiberiti kinawashwa.

Katika kitongoji chetu mtu huyo alikuwa Mama. Tangu nikiwa msichana mdogo, majirani hawakuchoma mpaka Mama apande, na akisema leo hapana walirudi makwao bila kubishana. Hakuwa na cheo kingine duniani. Uzee wa kanisa aliukataa, na kwenye kwaya, Mungu anisamehe, alikuwa anawapoteza wenzake. Lakini upepo ulikuwa wake, na kila mtu alijua.

Magoti yalipomwishia, ikawa mambo yameharibika. Ndipo pangaboi likaja. Mama akagundua kwamba akisimama bondeni akainua uso, anaona kule juu kinachoendelea bila kupiga hatua. Likienda mbio, hapana. Likijikokota, tusubiri. Likisimama, leteni kiberiti. Misimu ikapita hivyo na halikumdanganya hata mara moja. Majirani nao wakajifunza. Ukipita njiani ukawauliza kama leo kunafaa, walitupa jicho kilimani na kukujibu wakiendelea na kazi. Kaka aliwahi kumuuliza Mama atakaa pale kufanya nini ikiwa hata kilimani hawezi kupanda tena. Mama alinyoosha kidole juu.

"Yule anapanda kwa niaba yangu," alisema.

Ndiyo maana kaka aliishia kwenye yale masharti yake ya jambo moja, nami nikaishia kukaa na hofu kila Mama alipoteleza kwenye tope au kukohoa.

Asubuhi ninayoikumbuka niliamka nimechelewa. Kilikuwa kiangazi kimefika mwisho, majani yamekauka hadi yanakatika ukiyakanyaga. Nilikaa kitandani nikajiuliza ni kitu gani kimebadilika, kisha nikatoa pamba masikioni nikaelewa. Kimya. Hakuna vuu. Taya haziumi. Nilifurahi kama mtu aliyepona homa, nikatoka nje bila viatu.

Mama alikuwa uani, jembe begani, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Kibali tulikuwa nacho tayari, kinga ya moto tulikuwa tumeilima wiki hiyo, na majirani walikuwa wanasubiri neno lake tu.

"Limesimama," aliniambia. "Leo tunachoma."

Tulishuka bondeni. Majirani wakaja, kila mmoja na tawi bichi au jembe, akiwemo mama mjane anayekaa ng'ambo ya mipaini yetu, ambaye jiko lake lililoezekwa kwa nyasi linaonekana kutoka kwetu. Walimsalimu Mama, kamwene, kamwene, wakasimama wakimsubiri. Mama akainua uso. Nasi sote tukainua nyuso. Bawa moja lilikuwa limeelekea chini moja kwa moja, halitikisiki. Gari jeupe la mafundi lilikuwa limeegeshwa chini ya mnara, lakini gari hilo huwa linakuja mara nyingi na hatukuwa na desturi ya kujiuliza limefuata nini. Bondeni hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata unyoya.

"Washa," Mama alisema.

Mwanzoni ulikuwa moto mtiifu. Ulikula mabua polepole ukielekea tulikotaka, na Mama alikuwa ukingoni akielekeza, huyu akae pale, yule asogee kule. Watu walikuwa wanataniana. Mimi ndiye niliyetazama moshi. Ulikuwa unapanda wima kabisa kutoka shambani, lakini ulipofika juu ya usawa wa mipaini ulikatika na kulala kuelekea kilimani, kwa ghafla, kana kwamba umegonga dari.

"Mama," nilisema. "Tazama moshi."

Alitazama moshi. Kisha akatazama pangaboi. Alikaa akitazama kimoja na kingine, na mimi niliona kabisa anavyosumbuka, kwa sababu mwanamke huyo alikuwa amesoma moshi maisha yake yote.

"Limesimama," alisema.

Hakuna aliyembishia. Nami sikumbishia, nani angembishia Mama habari za upepo? Nilibaki nimeshika tawi langu nikisubiri kuambiwa.

Halafu upepo ukashuka. Tuliusikia kabla ya kuuona, majani makavu ya mteremkoni yakiitikia kutoka juu kuja chini. Ulipofika kwenye moto uliuinua wote kwa mara moja, ukauzungusha na kuusukuma kuelekea kilimani. Cheche ziliruka kinga ya moto kama vile haikulimwa kabisa. Mtu mmoja akapiga yowe. Nyasi za mteremkoni zikashika, na moto ukaanza kupanda kwa kasi ambayo mtu hawezi kuifikia, ukapita pembeni ya nyumba yetu, ukielekea kwenye mipaini.

Watu walikimbia na matawi yao wakaupiga pembeni usigeukie nyumba. Mimi nilipiga mpaka tawi likabaki kijiti. Moshi ulikuwa unaniingia kooni, na katikati ya moshi huo nikakumbuka kwamba sijui Mama yuko wapi. Niliita. Nikaita tena. Nilimkuta mteremkoni, nyuma ya moto, kwenye majani ambayo bado yalikuwa yanafuka, anapanda. Magoti yalikuwa yamekataa, kwa hiyo alikuwa anapanda kwa mikono.

"Mama, rudi!"

"Niache. Baba yenu yuko juu."

Nilimshika kitenge nikamvuta. Alinipiga kofi mkononi, mimi mwanamke mzima, nami sikumwachia. Tulikaa pale tumeng'ang'aniana kwenye majivu ya moto, yeye anavutia juu, mimi navutia chini, na tukasikia mipaini inaanza. Mipaini ikishika moto hailii kama kuni. Inanguruma. Mama aliposikia ngurumo hiyo aliacha kuvuta, akakaa, akaficha uso begani kwangu. Nilikuwa na hasira naye, na pangaboi, na hata kaka, na nilikuwa na hofu kuliko siku zote za maisha yangu.

Moto uliteketeza mipaini yote, ukalamba kaburi, ukaruka ng'ambo na kuchukua jiko la nyasi la yule mjane pamoja na mbegu zake za maharage. Nyumba yake ya bati ilipona. Ulipofika mgongoni ulikuta barabara pana ya changarawe waliyoichonga wenye mitambo, na uwanja mtupu kuzunguka mnara, ukakosa cha kula. Mafundi walikuwa wameshatoka wakiupiga kwa makoti yao. Lazima niseme hilo. Kama si barabara yao, moto ungeshuka upande wa pili ambako kuna nyumba nyingi.

Jioni fundi mmoja alishuka kwetu, kofia ngumu mkononi, uso mweusi kwa masizi. Aliongea kwa adabu. Alisema walilifunga tangu alfajiri kwa matengenezo, wakati hakuna upepo, na upepo ulipoanza kuvuma kule juu walishuka chini ya mnara kuusubiri utulie, wakaliacha limefungwa kwa sababu kazi haikuwa imekwisha.

Mama alikuwa amekaa barazani, miguu yake kwenye beseni la maji.

"Mlilifunga," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na upepo, nao mliufunga?"

Yule kijana alitazama kofia yake. Mama akamwambia aende akanawe, akale, hakuwa na neno naye.

Asubuhi yake Mama alichukua jogoo mkubwa na kindoo cha mbegu za maharage, akajikongoja hadi kwa mjane. Nilimfuata kwa nyuma. Mjane alikuwa anafagia majivu mahali jiko lilipokuwa. Mama alisimama mbele yake na kusema maneno ya kuomba radhi kama inavyotakiwa, bila kuficha kitu. Mjane aliweka fagio chini, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, usijitese. Hata mimi nililitazama. Sote tulilitazama."

"Ninyi mlikuwa na haki ya kulitazama," Mama alisema. "Mimi nilitakiwa nipande."

Jogoo alipokelewa.

Sikumpigia kaka simu. Nilijua nikimpigia nimemhukumu Mama. Lakini moshi ule ulionekana hadi mjini, na mchana huohuo kirikuu kikaingia uani. Kaka alishuka na uso wa mtu aliyekuja na maneno yake tayari. Kisha akatazama juu. Mipaini ilikuwa imebaki vigogo vyeusi, na katikati yake ule msalaba wa saruji, mweusi nao. Alikwenda hadi kaburini peke yake. Aliporudi maneno yote yalikuwa yamemtoka.

"Mama," alisema, "si lazima leo. Wala si lazima. Hili ni la mashine, si lako."

Mama alikuwa ameshafungasha usiku. Vitu vyake vilikuwa mlangoni, godoro limekunjwa, Biblia na kitabu cha nyimbo juu yake. Nilikuwa nimelala chumba cha pili nisisikie lolote.

"Mashine haikusema kitu," alimjibu. "Mimi ndiye niliyeiuliza. Tulisema jambo moja, mwanangu. Nifungulie mlango."

Nilimwambia kaka akatae. Nilimwambia mbele ya Mama, kwa sauti, na nilikuwa nalia. Niliona ni dhuluma, mtu aondoke kwake kwa asubuhi moja tu. Kaka mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Lakini Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, anatazama mbele. Aliniita dirishani, akatoa kiberiti kwenye fundo la kitenge, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Usiliangalie lile," alisema. Gari likaondoka.

Mwaka uliofuata kiangazi kilipofika mwisho, majirani walikuja barazani kwangu, mjane akiwa mbele. Nilidhani wameleta nguo za kushona. Waliniuliza ninapanda lini. Nikawaambia mimi upepo siujui, mimi najua cherehani. Wakakaa tu, wakanitazama kama walivyokuwa wakimtazama Mama, mpaka nikaona hawataondoka.

Nilipanda na konzi ya majivu. Nilipita kwenye vigogo vya mipaini, nikamsalimu Baba, nikafika mgongoni nikihema. Pangaboi lilikuwa juu yangu, kubwa kuliko linavyoonekana ukiwa chini, na lilikuwa limesimama. Niliachia majivu. Yalianguka juu ya viatu vyangu. Nikampigia Mama simu.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Juu."

Huko Lyamkena nilisikia redio ya kaka ikizimwa.

"Inua simu, nisikie."

Niliinua simu juu ya kichwa, nikaishikilia mpaka bega likauma. Bondeni watu walikuwa wadogo, matawi mikononi, nyuso zao zimeelekea kwangu. Nilirudisha simu sikioni.

"Hakuna kitu," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Majivu?"

"Yameanguka chini, Mama. Yako viatuni."

Nilijua anaogopa, na alijua nami naogopa. Kamwe hakuniuliza pangaboi linafanya nini.

"Waambie wawashe," alisema mwishoni. "Lakini wewe usishuke. Kaa hapohapo mpaka moto uzimike wote. Na simu usikate."

Niliwapungia mkono watu wa bondeni, nikaona moshi wa kwanza unanyooka. Nikakaa kwenye changarawe, simu sikioni, na Mama naye akakaa huko aliko, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake na hatusemi kitu. Kifurushi changu cha dakika kilipoisha, alinipigia yeye.